Kiwanja, Kinyago na Haki ya Kuona: Chimbuko la Maonyesho Nachingwea na Ruangwa

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, zilizo bara ya Mkoa wa Lindi baina ya bonde la mto Mbwemkuru upande wa kaskazini na lile la Lukuledi upande wa kusini, zimezoeleka kutajwa katika vitabu vya historia kwa mambo mawili, yaani mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa mwaka 1951 na kambi ya wapiganaji wa Frelimo iliyokuwapo tangu miaka ya 1960 hadi Msumbiji ilipopata uhuru. Katika historia ya sanaa za maonyesho hazitajwi, kwa sababu historia hiyo, jinsi inavyofundishwa, huanzia Athens, hupita Roma, hukaa kitambo kirefu Uingereza kwa Shakespeare, kisha huingia Afrika Mashariki ikiwa imebebwa na shule za kikoloni. Mpangilio huo hauwakosei Waafrika peke yao, bali pia Wagiriki, maana unasahau walikoanzia. Chimbuko la tamthilia yao, kwa kadiri linavyojulikana, linakaribiana sana na mambo ambayo Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde wa kusini wamekuwa wakiyafanya katika jando na unyago, na panapotofautiana zaidi ni katika swali la nani ana haki ya kuona.

Huko Athens maonyesho yalifanyika katika sikukuu ya Dionysus, mungu wa mvinyo, majira ya kuchipua yalipoingia. Kundi la wanaume au wavulana 50 liliimba na kucheza kwa duara utenzi wa kumtukuza mungu huyo, ulioitwa ditirambo, na mapokeo yanamtaja Thespis, katika miaka ya 530 kabla ya Kristo, kuwa mtu wa kwanza kujitenga na kundi na kujibizana nalo akiwa mhusika. Baadaye Aeschylus aliongeza mwigizaji wa pili na Sophocles wa tatu, lakini waitikiaji hawakuondoka: walibaki katikati, katika kiwanja cha kuchezea kilichoitwa orkestra, na watazamaji wakakaa juu yao katika mteremko wa kilima cha Akropoli. Inafaa kukumbukwa kwamba waitikiaji hao hawakuwa wasanii wa kulipwa. Walikuwa raia wa kawaida waliofundishwa kwa miezi kadhaa, na gharama za chakula, mavazi na mwalimu wao zilibebwa na tajiri mmoja aliyeteuliwa na dola, mzigo ambao mzazi yeyote wa Ruangwa aliyewahi kumtoa mwali angeuelewa bila kuelezwa.

Katika ukanda wa kusini mwa Tanzania majira ya maonyesho nayo yalifuata shamba. Mavuno yakishaisha na ghala likiwa na akiba, kuanzia Juni hivi, wazee walikubaliana juu ya mwaka wa kuwaingiza watoto jandoni, na wavulana walipelekwa porini kwenye kumbi, yaani kambi ya muda iliyojengwa mbali na kijiji, wakatahiriwa na ngariba na kukaa huko kwa wiki au miezi wakifundishwa. Mafunzo hayo hayakutolewa kwa hotuba. Yalitolewa kwa nyimbo za mafumbo ambazo mwali alipaswa kuziitikia kabla hajaelewa maana yake, kwa ngoma, na kwa maigizo ambamo mkubwa mmoja alijifanya mke, mgeni, mchoyo au mwizi ili vijana waone tabia inayosifiwa na inayolaaniwa. Na kwa upande wa wasichana makungwi walifanya vivyo hivyo katika unyago, ambako mwanamume haruhusiwi kukanyaga. Mkesha wa kuwaingiza wali na siku ya kuwatoa vilikuwa vya watu wote, na kiwanja kilichofagiliwa katikati ya kijiji, wapiga ngoma wakiwa upande mmoja na umati umezunguka, kilikuwa na umbo ambalo Mgiriki wa kale asingelishangaa.

Kilele cha siku hizo, hasa kwa Wamakonde, ni kinyago. Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma wana vinyago vya kuchezea, vinavyoitwa mapiko kwa wale wa Msumbiji, umoja wake lipiko, na midimu kwa wengi wa upande wa Tanzania. Lipiko huchongwa kwa mti mwepesi kuwa kichwa kizima, hupandikizwa nywele halisi za binadamu, na huvaliwa kwa kuinamishwa hivi kwamba mchezaji huonea kupitia kinywa cha kinyago. Mwili wote hufungwa nguo hata ngozi isionekane, na njuga hutangulia kumtangaza. Aliyevaa hasemi. Hujibizana na ngoma, hasa zile ndogo zenye sauti kali zinazoitwa vinganga, na kwa mabega, miguu na kichwa humwonyesha mzee, mzungu, askari au mwanamke mjamzito, ambaye huchezwa na mwanamume aliyejifunga ubao uliochongwa tumbo na matiti. Katika Ugiriki pia wahusika wa kike walichezwa na wanaume waliofunika kichwa kizima kwa kinyago chenye nywele, lakini raia aliyekuwa ameketi alijua vizuri kwamba ndani yake kuna jirani yake. Kusini haikuwa hivyo. Wanawake na watoto walitakiwa kuamini, au angalau kujifanya wanaamini, kwamba lipiko ni mfu aliyefufuliwa, wakakimbia kwa vifijo anapowakaribia. Na kijana alipofunuliwa siri hiyo kumbini ndipo alipohesabiwa kuwa mtu mzima. Kuogopa kwa wanawake kulikuwa nusu ya mchezo, na ni vigumu kusadiki kwamba wao, walioishi nyumba moja na wachezaji, hawakuyatambua magoti ya waume zao.

Mwaka 1906 mwanazuoni wa Kijerumani Karl Weule, ambaye uasi ulimfanya aache safari ya kwenda Kondoa na kuelekea kusini, alitoka Lindi akapita Nyangao na Masasi hadi uwanda wa Makonde, akiwa na mashine ya kunasia sauti na kamera ya filamu. Alirekodi nyimbo, akapiga picha za wachezaji waliovaa vinyago na wa mironjo, na akapeleka Leipzig vitu vingi alivyovikusanya. Katika miaka hiyohiyo wataalamu wa mambo ya Kigiriki huko Cambridge, Jane Harrison akiwa mbele yao, walikuwa wakitumia taarifa za desturi za kuwaingiza vijana utu uzima, zilizotoka sehemu mbalimbali za dunia, kueleza mizizi ya dini na tamthilia ya Kigiriki. Kitabu cha Harrison kiitwacho Themis kilitoka mwaka 1912. Nadharia zao zilikosolewa baadaye, na kwa haki, kwa kuwa ziliunganisha mambo kwa urahisi mno. Hata hivyo mwaka 1985 Mmarekani John Winkler alirudi kwenye jambo hilo kwa njia nyingine, akidai kwamba waitikiaji wa tanzia, yaani tamthilia ya huzuni, walikuwa vijana waliomo katika mafunzo ya kijeshi na ya uraia. Dai hilo bado linabishaniwa, lakini baadhi ya ushahidi alioutegemea haubishaniwi: katika sikukuu ya Dionysus, kabla ya tamthilia kuanza, mayatima wa vita waliolelewa na dola walipitishwa mbele ya umati wakiwa wamevaa silaha, na katika karne ya 4 kabla ya Kristo vijana wa jeshi walionyesha gwaride lao palepale kwenye kiwanja cha maonyesho. Kwa msomaji wa Nachingwea dai la Winkler lina uzito wa pekee, kwa kuwa mji huo umeyaona yote mawili, jando na jeshi.

Kabla ya jeshi ilikuja misheni. Wamisheni wa Kianglikana wa UMCA walikuwa Masasi tangu mwaka 1876, na Wabenediktini, ambao vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao viliharibiwa na wapiganaji wa Majimaji mwaka 1905, walijijenga upya Ndanda mwaka uliofuata. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alitambua kwamba kulipiga marufuku jando kungewatoa vijana kanisani, akaamua kulibatiza: mahali pa lupanda, yaani tawi lililosimikwa kwa ajili ya kuwaomba wahenga, pakasimikwa msalaba, padri akaingia kumbini, na nyimbo zilizoonekana chafu zikaondolewa. Kwa historia ya maonyesho hatua hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, maana kwa mara ya kwanza mtu ambaye hakuingizwa kwa mila alikuwa na mamlaka ya kuona kila kitu na kuamua kipi kichezwe.

Mradi wa karanga uliivuta Nachingwea kwa namna nyingine, ukaleta matrekta, vibarua wa makabila mengi na reli kutoka Mtwara, ambayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya kukosa mzigo. Moja ya mashamba yaliyoachwa, lililojulikana kama Farm 17, ndilo lililokuwa kituo kikuu cha mafunzo cha Frelimo. Mwaka 1967 wasichana wa kwanza waliingia mafunzo ya kijeshi Nachingwea, wakawa mwanzo wa kikosi cha wanawake. Uongozi wa Frelimo, na hasa Samora Machel, uliziona sherehe za jando na unyago kuwa masalia ya ukabila na ya kumdhalilisha mwanamke, lakini ngoma zenyewe ziliachwa na hata kuhimizwa: watu wa mikoa mbalimbali ya Msumbiji walifundishana michezo yao kambini, na wanawake waliingia katika ngoma ambazo nyumbani zilikuwa za wanaume. Siri ilivunjwa kwa amri, kikabaki kiwanja. Kiwanja hicho kilitumika pia kwa maonyesho ya aina nyingine, maana mwezi Mei 1975 Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Frelimo, alilazimishwa kusoma hapo mbele ya umati tamko la kukiri usaliti. Mwezi huohuo Machel aliondoka Nachingwea, akavuka Ruvuma, na kuanza safari ya kwenda Maputo.

Upande wa Tanzania kilichotokea kinafanana zaidi na Roma. Mwanahistoria Livy anasimulia kwamba mwaka 364 kabla ya Kristo, tauni ilipowatesa Warumi, waliwaita wachezaji wa Etruria ili kuwatuliza miungu, na vijana wakaanza kuwaigiza kwa mzaha. Lakini baada ya mwaka 240, Livius Andronicus alipoleta tamthilia zenye kisa kutoka kwa Wagiriki, kazi hiyo ikawa ya wachezaji wa kulipwa, wengi wao watumwa, na Pompey akawajengea umati ukumbi wa mawe mwaka 55. Sindimba ya Wamakonde ilipita njia kama hiyo ilipochukuliwa na kikundi cha ngoma cha taifa baada ya uhuru na kuingia mashuleni kote nchini, ikachezwa jukwaani mbele ya wageni rasmi, na watu wasioijua ilikotoka wakalalamika kwamba viuno vyake havina adabu.

Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Lindi mwaka 1943, ndiye aliyezileta pande zote mbili, ya Wagiriki na ya nyumbani, mezani. Tamthilia yake ya Kinjeketile, juu ya vita vya Majimaji vilivyowakumba pia Wamwera, ina shujaa anayeangamizwa na neno lake mwenyewe kwa jinsi ambayo Sophocles angeitambua, ingawa vita hivyo ni vya nyumbani, na katika miaka ya 1970 aliandika huko Berlin tasnifu juu ya maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki.

Jando na unyago havijakoma Nachingwea wala Ruangwa. Muda wa kukaa kumbini umefupishwa ili ulingane na likizo za shule, mara nyingi tohara hufanywa hospitalini, na siku ya kuwatoa wali spika kubwa hushindana na ngoma huku wali wakipita chini ya miavuli na ndugu wakiwatunza noti. Wanawake hawakimbii tena. Wengi wao hunyanyua simu na kurekodi, na anayetaka kucheza na kinyago hujifunga nguo zake nyuma ya nyumba, mahali ambapo hadi leo asiyetahiriwa hufukuzwa.