Fela Sowande: Mpiga kinanda wa Nigeria aliyeingiza nyimbo za Kiyoruba kanisani

JINA Fela linapotajwa, wengi humkumbuka hayati Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria aliyevuma kwa mtindo wa Afrobeat. Lakini kabla yake kulikuwa na Fela mwingine, ambaye ala yake ilikuwa kinanda kikubwa cha kanisani. Huyu ni Fela Sowande, aliyezaliwa Nigeria mwaka wa 1905 na kufariki Marekani mwaka wa 1987.

Sowande alizaliwa katika familia ya dini. Babake, Emmanuel Sowande, alikuwa kasisi wa Kianglikana aliyependa muziki. Kijana huyo aliimba katika kwaya ya kanisa kuu la Christ jijini Lagos, ambako alifunzwa kinanda na Ekundayo Phillips, aliyeongoza muziki wa kanisa hilo kuanzia 1914 hadi 1962.

Kinanda cha aina hii si kazi ya vidole pekee. Hewa husukumwa katika mabomba ya urefu mbalimbali, kila bomba likiwa na sauti yake. Mpigaji huwa na safu kadhaa za vitufe vya kubonyeza kwa mikono, na nyingine ya kukanyaga kwa miguu. Huchagua pia ni mabomba yapi yalie na yapi yanyamaze. Anayekimudu ni kama aliye na okestra nzima mbele yake.

Katika kanisa hilo Sowande alikutana na tatizo lililomshughulisha kwa miaka mingi. Wamishenari walikuwa wametafsiri nyimbo zao kwa Kiyoruba na kuziimba kwa mahadhi yale yale ya Uingereza. Kiyoruba ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubadilisha maana ya neno. Neno 'oko', likitamkwa kwa namna moja, ni mume. Kwa namna nyingine ni jembe, na kwa nyingine tena ni chombo cha kusafiria. Mahadhi ya kigeni yalipopanda pale ambapo lugha hushuka, waumini walijikuta wakiimba maneno yasiyo na maana, au yenye maana isiyofaa mbele ya madhabahu. Phillips alikuwa miongoni mwa watunzi waliojitahidi kutunga nyimbo zinazofuata matamshi ya lugha yenyewe.

Mwaka wa 1934 Sowande alisafiri hadi London kusomea uhandisi. Muziki ulimshinda nguvu. Alijipatia riziki kwa kupiga piano na kinanda katika kumbi za starehe, na akaandamana na Adelaide Hall, mwimbaji mashuhuri Mwamerika mweusi, katika klabu iliyokuwa mtaa wa Mayfair. Kwa mwana wa kasisi, haya yalikuwa mageuzi makubwa. Hata hivyo, Sowande hakuona kwamba kupiga jazi usiku kulimzuia kusoma kazi za Bach mchana.

Mwaka wa 1943 alihitimu katika daraja la juu la chuo cha kifalme cha wapiga kinanda nchini Uingereza. Mtihani huo ni mgumu. Mtahiniwa hupimwa kwa upigaji, kwa kusoma papo hapo muziki ambao hajauona, na kwa ujuzi wa utunzi. Sowande aliufaulu na kutwaa tuzo, jambo lililomweka katika safu ya wataalamu waliotambulika.

Mnamo 1945 alichukua wadhifa wa mpiga kinanda katika Kingsway Hall, makao ya kanisa la Methodist jijini London, ambako alihudumu hadi 1952. Mhubiri mkuu hapo alikuwa Donald Soper, aliyejulikana kote Uingereza. Wakati huo sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa bado chini ya wakoloni, na hapo palikuwa na Mwafrika akiongoza muziki wa ibada katikati ya jiji kuu la mkoloni.

Katika kipindi hicho cha London alianza kutunga kazi za kinanda zilizojengwa juu ya nyimbo za Kiyoruba na za Wamarekani weusi. Miongoni mwa kazi zake ni 'Obangiji', 'Yoruba Lament', 'Oyigiyigi' na 'Go Down, Moses'. Utunzi wake unaojulikana zaidi, 'African Suite' wa 1944, ni wa ala za nyuzi.

Si wote waliopendezwa. Wapo waliodai kwamba kinanda ni ala ya Mzungu, na kwamba Mwafrika halisi angeshika ngoma. Sowande alipinga fikira hizo. Alishikilia kwamba kumfungia msanii ndani ya mila zake tu ni ubaguzi wa rangi ulioingizwa katika sanaa, na kwamba Mwafrika ana haki ya kutumia ala yoyote mradi anacho cha kusema.

Alirejea Nigeria mwaka wa 1953 na kuongoza idara ya muziki katika shirika la utangazaji, ambako kazi yake ilihusu pia utafiti wa muziki wa asili. Malkia wa Uingereza alimtunuku nishani ya MBE mwaka wa 1956. Nigeria ilipopata uhuru mwaka wa 1960, alitunga 'Folk Symphony' kuadhimisha siku hiyo. Baadaye alifunza katika Chuo Kikuu cha Ibadan, kisha akahamia Marekani na kufunza katika vyuo vikuu vya Howard, Pittsburgh na Kent State. Alifariki katika mji wa Ravenna, jimbo la Ohio.

Ukumbi wa Kingsway ulibomolewa mwaka wa 1998, lakini kazi alizotunga Sowande zingali zinapigwa makanisani na katika kumbi za tamasha. Na swali alilokutana nalo akiwa kijana wa kwaya bado lipo kila pahali ambapo Waafrika huimba nyimbo zilizotafsiriwa: je, ni lugha itakayofuata mahadhi, au ni mahadhi yatakayofuata lugha? Sowande alijibu kwa vitendo. Alikichukua kinanda cha mgeni, akakifunza kusema Kiyoruba.