Shamba Lililogeuka Mji: Asili ya Viunga vya Nyeri

Ikisiri

Makala haya yanadai kwamba viunga vya Nyeri havikutokana na mji kufurika, bali na mashamba na vijiji vya Hali ya Hatari kugeuka makazi. Mipaka iliyopimwa kati ya 1954 na mwanzo wa miaka ya 1960 ndiyo inayoamua hadi leo nani ana kiwanja pembezoni mwa mji, na nani huhesabiwa kuwa mtu wa mjini.

Utangulizi

Wanajiografia wamezoea kukieleza kiunga kama mtoto wa mji: mji hujaa, barabara hupanuliwa, wenye kipato huhamia nje. Kielelezo mashuhuri ni Levittown, New York. Kati ya 1947 na 1951, zaidi ya nyumba 17,000 zilijengwa huko kwenye mashamba ya viazi ya Long Island, zikauzwa hasa kwa wanajeshi waliotoka vitani kwa mikopo iliyodhaminiwa na serikali. Mikataba ya mwanzo iliwapiga marufuku watu Weusi. Kiunga hicho kilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na bawabu.

Anayekuja Nyeri na kielelezo hicho mkononi ataona mitaa ya King'ong'o, Ruring'u, Kamakwa, Mathari na Gatitu, ahitimishe kuwa hadithi ni ile ile, ila imechelewa. Hapo atakosea. Nyeri pia ilikuwa na nyumba zilizopangwa kwa safu miaka ya 1950, lakini waliozijenga hawakuwa wamenunua wala kuchagua.

Migongo, mito na ngome

Nyeri imekaa kwenye kimo cha takriban mita 1,750, kati ya Nyandarua upande wa magharibi na Kirinyaga, mlima wa mita 5,199, upande wa mashariki. Maji ya mito kama Chania na Muringato yameikata ardhi nyekundu vipande vipande, yakaacha migongo mirefu yenye mabonde katikati. Kabla ya ukoloni, mgongo ndio uliokuwa msingi wa maisha: ukoo, yaani mbari, ulishika githaka chake, yaani ardhi yake, kutoka juu hadi mtoni, na maboma yalitawanyika mashambani. Watu hawakuishi kwa kukusanyika. Hili ni la kukumbukwa, maana kukusanyika kulikuja kwa amri.

Mji wenyewe ulianza kama ngome. Desemba 1902, baada ya msafara wa kijeshi dhidi ya watu wa Tetu, afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen alichagua mahali pa kituo chini ya kilima cha Nyeri. Wamisionari wa Consolata walifuata na kujenga Mathari. Reli ya kutoka Thika kwenda Nanyuki haikupita mjini. Stesheni ya Nyeri iliwekwa Kiganjo, kilomita kadhaa nje. Kwa hiyo hata reli, ambayo kwingineko ilizaa viunga, hapa ilizaa kituo kingine kilichojitenga. Hadi miaka ya 1940, Nyeri ilikuwa mji mdogo wa ofisi, maduka, hoteli za walowezi na mtaa wa Majengo, umezungukwa na mashamba ya Waafrika upande mmoja na ya Wazungu upande mwingine.

Gicagi na kamba ya mpimaji

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, dhidi ya uasi wa Mau Mau. Kuanzia katikati ya 1954, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni 1 wa Kati ya Kenya na kuwaingiza katika vijiji zaidi ya 800, ili kuwatenga wapiganaji wa msituni na chakula na habari. Nyumba za zamani ziliteketezwa. Vijiji vilizungushiwa mahandaki na kusimamiwa na askari wa nyumbani, na watu walitoka na kuingia kwa saa zilizowekwa. Wakikuyu hukiita kijiji cha namna hiyo gicagi.

Wakati huo huo kulikuwa na kazi ya pili. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulitaka vipande vya ardhi vilivyotawanyika viunganishwe kuwa shamba moja lenye hatimiliki, ili mkulima alime kahawa na chai na aweze kukopa. Kuwaweka watu kijijini kulirahisisha upimaji, kwa kuwa shamba lililo tupu halina mbishi. Wengi waliokuwa kizuizini au msituni hawakuwepo kudai sehemu zao. Wapiganaji walipotoka msituni na kukusanyika Ruring'u Desemba 1963, daftari la ardhi lilikuwa limekwisha kuandikwa.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo viunga vya Nyeri vilipozaliwa. Hali ya Hatari ilipokwisha, wenye mashamba walirudi kwenye mashamba yao yaliyounganishwa. Wasio na ardhi walibaki gicagi, kwenye vijiwanja visivyo na hati. Mgongo mmoja ukawa na makazi ya aina mbili: shamba lenye hati, na kijiji kisicho nayo.

Pingamizi

Msomaji anaweza kusema kuwa yote hayo ni historia tu, na kwamba kinachojenga viunga leo ni kazi, magari na elimu. Ni kweli kwamba Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichofanywa chuo kishiriki 2007 na kupata hadhi kamili 2012, kimeleta wapangaji wengi kando ya barabara ya Mweiga. Ni kweli pia kwamba barabara pana ya Kenol–Sagana–Marua imeusogeza mji karibu na Nairobi.

Lakini mahitaji hueleza kwa nini nyumba zinajengwa, si mahali zinapojengwa wala nani anazimiliki. Anayeuza ploti ya futi hamsini kwa mia ni mrithi wa yule aliyepewa hati. Urithi umeligawa tena lile shamba ambalo mpango wa Swynnerton ulitaka lisigawike, na Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya 1967 kulinda kilimo, imekuwa mlango ambao shamba hupitia kuelekea kuwa mtaa. Mtu wa gicagi hakuwa na cha kugawa wala cha kuuza. Watoto wake walijisogeza kwenye mitaa kama Witemere, jina ambalo kwa Kikuyu ni kama kumwambia mtu: jikatie.

Watu na mstari wa kuwahesabia

Sensa inaunga mkono hoja hii kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Kati ya 2009 na 2019 idadi ya watu nchini Kenya iliongezeka kwa asilimia 23. Kaunti ya Nyeri ilitoka 693,558 hadi 759,164, ongezeko lisilofika asilimia 10. Kiambu iliongezeka kwa karibu nusu, na mji wa Ruiru pekee ulipanda kutoka 238,858 hadi 490,120. Vijana wasio na shamba la kurithi hawakuhamia viunga vya Nyeri tu. Wengi waliruka hadi viunga vya Nairobi. Waliobaki wana kaya ndogo, wastani wa watu 3 hivi, wakati wastani wa taifa unakaribia 4.

Hata hivyo, idadi ya watu wa mjini yenyewe inategemea mstari. Kaunti ndogo ya Nyeri Central ilihesabiwa kuwa na watu 140,338, lakini walioandikwa kuwa wakazi wa mji ni wachache kuliko hao. Mama anayechuma kahawa asubuhi na kukusanya kodi ya vyumba sita jioni ni mkulima au ni mtu wa kiungani? Fomu ya sensa inataka jibu moja, ilhali mgongo anaoishi una majibu mawili.

Hitimisho

Levittown na gicagi ni watu wa rika moja: zote ni safu za nyumba zilizopimwa kwa kamba, na zote zilichagua nani awe ndani na nani awe nje. Tofauti ni kwamba mkazi wa kwanza wa Levittown alitoka na hati ya nyumba, na wa gicagi alitoka na kumbukumbu ya handaki. Serikali ya Kaunti ya Nyeri sasa inavipima vijiji hivyo na kutoa hatimiliki. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa marekebisho ya dhuluma ya zamani, na ni hivyo kweli. Lakini ni mipango miji pia, tena ya maana kuliko ramani yoyote ya manispaa, kwa kuwa inampa mtu wa gicagi kile ambacho jirani yake wa shambani amekuwa nacho kwa zaidi ya miaka 60: haki ya kuamua kama ardhi iliyo chini ya miguu yake itakuwa mji.