Mkia Uliogoma Kuingia

Tarehe 22 Januari 1970 Boeing 747 ya Pan Am iliondoka New York kwenda London na abiria wake wa kwanza. Abiria walipata nafasi. Wenye karakana za ndege walikuna vichwa. Mkia wa Boeing 707, ndege iliyotangulia, ulikuwa na kimo cha takriban mita 13. Wa 747 ulipita 19.

Kuinua paa zima ni gharama, kwa hiyo baadhi ya karakana zilikata mwanya mlangoni: ndege iliingizwa pua kwanza, milango ikafungwa ikiukumbatia mwili wake, mkia ukabaki nje. Fundi wa usukani wa mkia, maskini, alinyeshewa kama kawaida.

American Airlines ilijenga karakana mpya San Francisco na Los Angeles. Mhandisi Lev Zetlin alibuni paa la chuma chembamba lililojitokeza takriban mita 70 kila upande wa jengo la kati, bila nguzo mlangoni. 747 nne zilienea ndani, pamoja na mikia yake.