Kizuiaoksidisho: Dagaa, Uji na Mishipa ya Damu

Ukinunua unga wa mlonge sokoni, Manyamanyama au kwingineko mjini Bunda, huenda muuzaji akakuhakikishia: "Mama, huu unaondoa sumu na kuzibua mishipa." Ndivyo antioksidanti ilivyofasiriwa mitaani, kiondoa sumu. Tafsiri hiyo naipinga kwa moyo wote, maana inamfikia mgonjwa wa presha kabla hajafika kwa daktari.

Watu wa ziwani wanalijua jambo lenyewe kupitia dagaa. Wakianikwa vizuri hung'aa kama fedha. Wakikaa mno ghalani hugeuka rangi ya kahawia na kutoa harufu ya mafuta yaliyoharibika. Hakuna aliyewatia sumu. Oksijeni ya hewani imeyavamia mafuta yao, na kila molekuli iliyovamiwa ikaivamia jirani yake. Hilo ndilo oksidisho, na kutu ya jembe ni ya ukoo huohuo. Antioksidanti hujitoa yenyewe iliwe badala ya mafuta, mnyororo ukakatika hapo. Kazi yake ni kuzuia, kwa hiyo naiita kizuiaoksidisho. Neno ni refu, lakini halidanganyi.

Kuhusu kuzibua, tutazame atherosklerosisi, ugonjwa unaosemwa kuwa ni kuziba kwa mishipa. Mwaka 1904 Mjerumani Felix Marchand aliliunda jina hilo kwa maneno mawili ya Kigiriki, la uji na la ugumu. Uji huo hauelei ndani ya mshipa kama taka kwenye bomba. Umo ndani ya ukuta wa ateri. Lehemu hupenya humo, huoksidika, kisha seli za kinga huimeza hadi zinajaa mafuta na kubaki palepale. Miaka inapita, ukuta unavimba na kukakamaa. Mimi ningeuita ugonjwa huu ujigumu wa ateri.

Matumaini juu ya mimea yalizaliwa hapo. Rozela, ukwaju na mlonge vina polifenoli, vizuiaoksidisho vya mimea, na maabara huonyesha polifenoli zikizuia oksidisho la mafuta. Ila mwilini nyingi hubadilishwa na utumbo na ini kabla ya kuifikia ateri. Hata vitamini zenye sifa hiyo zilipopimwa Uingereza kwa watu 20,536, wakapewa vitamini E, C na beta-karotini kwa miaka mitano, matokeo ya mwaka 2002 hayakuonyesha kupungua kwa mshtuko wa moyo wala kiharusi. Katika utafiti huohuo simvastatini, dawa ya kushusha lehemu, ilipunguza matukio hayo kwa karibu robo.

Siidharau tiba asili. Muhimbili imeitafiti tangu 1974, na juisi ya rozela katika majaribio kadhaa imeshusha presha kidogo. Ninachokiogopa ni mgonjwa kuambiwa sumu imetoka, naye akaacha vidonge. Muuzaji yuleyule angeweza kusema: "Mama, huu una vizuiaoksidisho, ni chakula kizuri. Vidonge vyako vya presha endelea navyo."