Safari ya Makumbusho kutoka Tukuyu

Mwalimu wa Tukuyu akitaka kuwapeleka wanafunzi wake kutazama Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam, jambo la kwanza analolifikiri ni nauli. Fikira hiyo haina kosa. Kutoka Tukuyu mpaka Mbeya ni kilomita 70 na ushei, na kutoka Mbeya mpaka pwani ni zaidi ya 800. Basi huondoka alfajiri, watoto hutapika katika materemko ya Kitonga, na kiongozi wao hufika amechoka kuliko wao. Baada ya nauli hufikiriwa malazi, chakula na ruhusa ya wazazi. Vitu hivyo vikiisha kupatikana, safari huhesabiwa kuwa imetengenezwa. Kwa maoni yangu imetengenezwa nusu. Nusu iliyobaki ni kazi ya historia, nayo hufanywa Rungwe kwenyewe kabla watu hawajapanda basi.

Nilijifunza neno hili kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na vijana wa kwetu kwenda kutazama makumbusho fulani, ambayo sina haja ya kuyataja. Kijana mmoja alimwuliza mlinzi wa chumba, "Samahani mzee, vitu vyetu viko wapi?" Mlinzi akamwuliza, "Vyenu ninyi nani, mwanangu?" Akajibu kuwa yeye ni Mnyakyusa. Mlinzi, ambaye alikuwa mtu mwungwana, alipekua daftari lake mara mbili asilione jina hilo, akamwomba radhi. Tulipokuwa tukitoka niliona ndani ya sanduku la kioo, karibu na mlango, pete nene za shaba za kuvaliwa kiunoni, na kadi ndogo yenye neno moja: Konde. Tulikuwa tumelipita sanduku hilo wakati wa kuingia, wala hapana hata mmoja wetu aliyesimama.

Konde ni sisi. Wazungu walioandika habari za nchi ya kaskazini ya Ziwa Nyasa hawakuwa na jina moja la wenyeji wake. Elton alipita mwaka 1877, na Thomson mwaka 1879, akaisifu mno migomba yetu na usafi wa nyumba za mianzi. Mwaka 1891 walikuja wamisionari wa Moravian, wakajenga Rungwe chini ya mlima, na katika mwaka huo huo wamisionari wa Berlin wakiongozwa na Merensky wakajenga upande wa mashariki yao. Katika barua na vitabu vyao nchi hii ni Konde. Wengine waliandika Sokile. Jina la Wanyakyusa lilishika nguvu baadaye, hasa katika siku za Waingereza, na Godfrey na Monica Wilson, waliokaa hapa wakichunguza mila kati ya 1934 na 1938, ndio waliolieneza katika vitabu vya elimu duniani.

Jina la mji nalo lina matata yake. Mwaka 1893 Wissmann alileta meli katika Ziwa Nyasa, na kituo cha serikali ya Wajerumani kikawekwa ufukoni kikaitwa Langenburg, kwa heshima ya mtawala mmoja wa kwao. Miaka michache baadaye makao yalihamishiwa juu, penye baridi, yakaitwa Langenburg Mpya. Huko ndiko Tukuyu. Waingereza waliuteka mji huo Mei 1916, na jina la Kijerumani likafa katika vinywa vya watu. Lakini halikufa katika kadi. Kitu kilichoandikwa Langenburg yamkini kilitoka ufukoni, yamkini kilitoka Tukuyu, na kwa kuwa wilaya ile ilikuwa kubwa kuliko Rungwe ya leo, yamkini kilitoka kwa Wakinga au Wasafwa wala si kwetu. Mwanafunzi asiyeyajua haya ataacha kilicho chake na kudai cha jirani.

Mtego mbaya zaidi ni huu: anayeuliza habari za Konde huweza kupelekwa penye vinyago vya Wamakonde, watu wa Newala na Mueda, ambao hatuna nao ujamaa wa karibu. Nimekwisha kuliona jambo hilo. Kwa upande mwingine, anayeona neno Ngonde asipite haraka. Wangonde wa Karonga, watu wa Kyungu, ni ndugu zetu wa lugha na asili, na mto Songwe uliotutenga nao haukuwa mpaka wa dola mpaka Wajerumani na Waingereza walipoagana mwaka 1890.

Baada ya majina huja swali la mahali. Jengo la kale la Makumbusho ya Taifa lilifunguliwa mwaka 1940 kuwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano, na Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za makabila, kilifunguliwa mwaka 1967 kando ya barabara ya Bagamoyo. Vyote viwili vinastahili kutazamwa. Lakini mwalimu asiwaahidi watoto kuwa huko wataona yote ya babu zao. Wamoravian walikuwa na makumbusho yao huko Herrnhut, Ujerumani, tangu 1878, na wamisionari wao walipeleka huko vitu vya nchi walizokaa, yetu ikiwamo. Daktari Fülleborn, aliyekuwa Langenburg mwishoni mwa karne ya 19, alipiga picha nyingi na kuchapisha kitabu kikubwa mwaka 1906. Karatasi na picha za akina Wilson zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na maandishi ya karani wao Leonard Mwaisumo, ambaye bila yeye sijui wangeandika nini.

Tena yapo mambo yasiyoingia katika nyumba yoyote. Nyumba ya mianzi huweza kujengwa upya Dar es Salaam; lakini kijiji cha rika, ambamo vijana waliotoka kwa baba zao walijenga pamoja na kuzeeka pamoja, utakijengaje? Wataalamu hata leo hubishana kilikuwa na nguvu kiasi gani. Mzee wa Rungwe aliyesikia ubusoka ukisimuliwa na baba yake atakuwa na la kuongeza katika ubishi huo, naye hatozi kiingilio.

Katika njia ya kwenda pwani, karibu na Iringa, iko Kalenga, na hapa mwalimu ajitayarishe kuliko kwingine. Fuvu la Mkwawa, lililokuwa Bremen, lilirudishwa mwaka 1954 na Gavana Twining, nalo liko pale ndani ya kioo. Mtoto aambiwe mapema kuwa anakwenda kusimama mbele ya mtu aliyekufa, si mbele ya kitu. Akiuliza kama wako wengine ambao hawajarudi, asidanganywe. Mafuvu ya watu wa Tanzania yangali Berlin, nayo yamechunguzwa katika miaka hii ya karibuni. Na Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi Songea mnamo Novemba 2023, miaka zaidi ya 100 baada ya Vita vya Majimaji.

Basi safari tunayoitengeneza sasa imeanzia nyumbani. Jumamosi ya kwanza tulikwenda Masoko, penye ziwa lililo ndani ya shimo la volkano, ambako Wajerumani walikuwa na kambi, na watu husimulia kuwa wakati wa vita walitupa humo fedha na silaha. Jumamosi ya pili tulikwenda makaburini Rungwe misheni, vijana wakanakili majina. Ya tatu tulikwenda kwa bibi mmoja mkongwe. Tulimwonyesha mchoro wa zile pete za shaba. Aliutazama kwa muda, akasema, "Bibi yangu alizivaa. Hazitoki upesi. Mkifika, wajukuu zangu, ulizeni huyo aliyezitoa mwilini mwa mwenyewe alilipa nini."

Vijana wameliandika swali hilo katika ukurasa wa kwanza wa daftari zao, chini ya majina manne: Konde, Sokile, Ngonde, Langenburg. Tutaondoka Agosti, mvua zikiwa zimepungua. Nauli bado haijatimia.