Soketi Moja, Vifaa Vitano: Adapta Ilikotoka na Mzigo Inaoweza Kubeba

Ndugu mfugaji, na wewe mwenye duka kijijini, leo siandiki juu ya chanjo wala mbolea. Tangu umeme ufike vitongojini, maswali mengi ninayopokea kuhusu mashine za kutotolesha vifaranga, taa za kulelea na majokofu ya maziwa yanaishia mahali pamoja: chumba kina soketi moja, imebanwa nyuma ya friji au nyuma ya kitanda, na vifaa vya kuchomeka ni vitano. "Bwana shamba, ninunue adapta ipi?"

Jibu lipo na nitalitoa huko mbele. Lakini ukijua plagi ya pini tatu ilikotoka, na kwa nini ilitengenezwa hivyo ilivyo, utaweza kuchagua mwenyewe ukiwa umesimama dukani.

Umeme ulipoingia majumbani huko Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 19, uliingia kwa ajili ya taa tu. Hapakuwa na soketi ukutani. Waya ulishuka kutoka darini na mwisho wake palikuwa na kishikio cha balbu, basi. Baadaye viwanda vikaanza kuuza pasi na feni za umeme. Mwenye nyumba achomeke wapi? Alitoa balbu, akafunga waya wa pasi palepale. Kwa miaka mingi watu walipiga pasi kwa waya unaoning'inia kutoka juu ya vichwa vyao. Aliyetaka mwanga na pasi kwa wakati mmoja alinunua kishikio cha njia mbili, upande mmoja balbu, upande wa pili pasi. Huyo ndiye babu wa adapta uliyonayo leo, na alizaliwa kwa shida ileile yako: pa kuchomeka ni pamoja, vifaa ni viwili.

Mwaka 1904 Mmarekani mmoja, Harvey Hubbell wa mji wa Bridgeport, alipata hataza ya plagi ya vipande viwili. Kipande kimoja kilibaki kwenye kishikio cha balbu, cha pili kilichomekwa na kuchomolewa kwa kuvuta tu. Kabla ya hapo ilibidi uzungushe kama unayefunga balbu, na waya wote ujinyonge pamoja na mkono wako. Urahisi ukaongezeka. Waya wa darini ukabaki uleule mwembamba uliowekwa kwa ajili ya taa, na sasa unabebeshwa pasi. Waya mwembamba ukibeba mzigo mkubwa hupata joto, na dari nyingi zilikuwa za mbao.

Kwetu, umeme wa kwanza Dar es Salaam uliletwa na serikali ya Wajerumani mwaka 1908, kwa karakana za reli na sehemu ya mji. Waingereza walipoitawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mambo ya umeme yalifuata desturi zao. Mwaka 1931 zikaundwa kampuni mbili, DARESCO na TANESCO. Ndiyo maana soketi zako zinafanana na za London na si za Berlin.

Ila soketi za Uingereza za wakati huo hazikuwa hizi za leo. Zilikuwa za pini za mviringo, na kila mzigo ulikuwa na ukubwa wake wa plagi: ampea 2 kwa taa ya mezani, ampea 5 kwa vifaa vya kati, ampea 15 kwa hita. Kwenye majengo ya zamani hapa nchini bado utazikuta. Mpangilio huo ulikuwa na faida moja, kwamba hita kubwa isingeingia kwenye soketi ndogo. Lakini watu ni watu. Wakauziwa adapta za kutoka tundu kubwa kwenda dogo na dogo kwenda kubwa, na ile faida ikaishia hapo. Tena kila soketi kubwa ilitaka waya wake peke yake mpaka kwenye boksi la fyuzi, kwa hiyo nyumba nyingi ziliridhika na soketi moja au mbili.

Sasa sikiliza sehemu hii kwa makini, maana ndiyo yenye faida kwako.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mabomu yalibomoa nyumba nyingi mno Uingereza. Vita ikiwa bado inaendelea, mwaka 1942, ikaundwa kamati ya wataalamu wa umeme kupanga nyumba mpya zitakavyofungwa waya. Taarifa yao ilitoka mwaka 1944. Walikuwa na matatizo mawili yanayovutana. La kwanza, familia zitataka vifaa vingi, kwa hiyo soketi ziwe nyingi. La pili, shaba ilikuwa adimu kwa sababu ya vita, kwa hiyo nyaya ziwe chache. Suluhisho lao lilikuwa waya mmoja unaotoka kwenye boksi la fyuzi, unazunguka nyumba ukipita soketi moja hadi nyingine, kisha unarudi kwenye boksi. Kila soketi inapata umeme kutoka pande mbili, na mzunguko mzima unalindwa na fyuzi moja ya ampea 30.

Hapo likazuka swali. Fyuzi ya ampea 30 italinda waya mnene wa ukutani, sawa. Waya mwembamba wa redio je? Ukipiga shoti ndani ya redio, au redio ikianza kuvuta ampea 10, ile fyuzi kubwa haitajua chochote, na waya wa redio utaungua ukiwa mezani. Jibu lao likawa kuweka fyuzi ndogo ndani ya plagi yenyewe. Kila kifaa kinatembea na mlinzi wake. Plagi hiyo ikapewa pini za bapa, ikatangazwa kuwa kiwango cha Uingereza mwaka 1947, na namba yake ni BS 1363. Angalia mgongoni mwa plagi nzuri, utaikuta imeandikwa.

Katika kamati ile alikuwemo mwanamke mmoja tu, Caroline Haslett. Huyu alikuwa mkurugenzi wa chama kilichoanzishwa mwaka 1924 kuwafundisha wanawake matumizi ya umeme, ili wapunguziwe mzigo wa kazi za nyumbani. Kamati ilisisitiza kwamba watoto wadogo lazima walindwe, na mashimo ya soketi yawe na vifuniko vya ndani. Ndiyo sababu pini ya juu, ile ya waya wa ardhi, ni ndefu kuliko zile mbili za chini. Inatangulia kuingia, inasukuma vifuniko, kisha mashimo mawili yenye umeme yanafunguka. Na kwa kuwa inatangulia, kifaa chako kinaunganishwa na ardhi kabla hakijapata umeme.

Sasa fikiria yale tunayoyaona kila siku. Chaja ya pini mbili inakataa kuingia, mtu anachukua kijiti au kifuniko cha kalamu, anakisokomeza tundu la juu, vifuniko vinafunguka, chaja inaingia. Mtoto yupo pembeni anatazama. Kesho atatumia msumari, na si lazima achague tundu la juu. Au plagi imevunjika, mtu anakata waya, anachomeka nyuzi tupu kwenye soketi na kuzibana kwa njiti za kiberiti. Hapo fyuzi haipo, waya wa ardhi haupo, vifuniko vimebaki wazi. Mambo yote matatu ambayo wale watu walikaa kuyapanga mabomu yakianguka, yameondoka kwa njiti mbili.

Turudi kwenye adapta. Umenunua ya njia tatu, ndogo, inakaa vizuri nyuma ya friji. Imekuongezea pa kuchomeka. Haijaongeza umeme hata kidogo. Soketi moja ya ukutani imetengenezwa kubeba ampea 13. Kwa umeme wetu wa volti 230, hiyo ni karibu wati 3,000, na ndiyo jumla ya vyote vilivyo kwenye adapta. Jagi la kuchemshia maji la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 zimeshamaliza hesabu. Ukiongeza jokofu, umevuka. Taa nyekundu za kulelea vifaranga mara nyingi ni wati 250 kila moja. Nne ni wati 1,000, zinabebeka. Chaja ya simu ni wati chache sana, hata kumi hazina neno. Soma kibandiko nyuma ya kifaa, jumlisha wati, gawa kwa 230, upate ampea.

Swichi ya kujikata iliyo kwenye boksi lako, mara nyingi ya ampea 20 au 32, isikudanganye. Ukivuta ampea 18 kupitia soketi moja, swichi ya 32 itabaki kimya huku adapta ikiyeyuka. Hilo ndilo pengo ambalo fyuzi ndogo iliwekwa kulijaza. Kwa hiyo adapta ya njia tatu au zaidi iwe na fyuzi yake ya ampea 13. Kiwango cha Uingereza kinaitaka. Ya njia mbili tu ndiyo iliyosamehewa. Hata yenye fyuzi usiichoshe: fyuzi ya ampea 13 haikatiki palepale ukifika 14, inaweza kuvumilia kwa muda ikiwa ya moto. Mzigo unaokaa usiku kucha, kama taa za vifaranga, mimi nashauri usivuke nusu ya uwezo, yaani wati 1,500.

Na ukiona fyuzi imekatika, usifunge karatasi ya sigara wala kipande cha waya. Fyuzi ya kwenye plagi ni ya bei ndogo, nunua mbili uweke akiba. Kwa chaja, taa ndogo na redio inatosha ya ampea 3. Ya 13 ni kwa pasi, jagi na hita.

Dukani, shika adapta mkononi kabla hujalipa. Ikiwa nyepesi kama kopo tupu, mna bati jembamba ndani, na bati jembamba halishiki pini sawasawa. Pini isiyoshikwa hutengeneza cheche na joto. Tafuta alama ya TBS. Kisha tazama zile pini mbili za chini: nzuri zina plastiki nyeusi nusu ya urefu wake upande wa mwanzo, ili kidole kisiguse chuma chenye umeme plagi ikiwa imechomoka nusu. Jambo hilo liliongezwa kwenye kiwango mwaka 1984. Pini ya juu haitakiwi kuwa na plastiki hiyo. Ukiiona na hiyo imevishwa, rudisha, ni ya kughushi, na huenda isiguse waya wa ardhi kabisa. Zile soketi zinazopokea kila aina ya plagi, za pini bapa na za mviringo kwa pamoja, mimi sizipendi. Mashimo yake ni mapana, hayabani pini yoyote vizuri, na nyingi hazina vifuniko.

Kwa mahali penye nafasi finyu, chagua ile bapa iliyolala ukutani, plagi zake zikiingia kwa ubavu. Ile yenye umbo la tofali, ikichomekwa plagi tatu nzito, inavuta soketi kuelekea chini, pini zinalegea, na ndani ya miezi utaona rangi ya kahawia ukutani. Friji ikiwa itaisukuma, au mahali hapafikiki kwa mkono, achana na adapta, nunua ekstensheni yenye waya mfupi mnene, uitoe hadi mahali pa wazi uifunge ukutani juu ya sakafu. Usichomeke adapta juu ya adapta. Kwenye banda la kuku na stoo ya pumba vumbi ni jingi, na vumbi likikaa kwenye soketi yenye joto linashika moto, kwa hiyo huko adapta isiingie kabisa. Funga soketi yenye kifuniko.

Wengi wenu mmefungiwa umeme kwa waya mmoja unaoenda mbele bila kurudi, au mnatumia kile kibao cha UMETA kwenye nyumba ya chumba kimoja au viwili. Ule mzunguko wa Waingereza hamna. Maana yake soketi zote za nyumba yako zinagawana waya mmoja, kwa hiyo jagi la jikoni na taa za vifaranga ni mzigo wa waya uleule. Panga zamu: chemsha maji na kupiga pasi mchana, acha usiku uwe wa vifaranga na jokofu.

Baada ya kuchomeka kila kitu, subiri nusu saa, kisha weka mgongo wa mkono juu ya adapta. Uvuguvugu si shida. Ikikulazimu kuondoa mkono, zima ukutani, punguza kifaa kimoja, na mwite fundi mwenye leseni akufungie soketi ya pili kabla hujaweka trei nyingine ya mayai.