Umbali kama Uamuzi: Utawala na Maendeleo katika Uwanda wa Juu wa Ufipa

1.0 Utangulizi

Katika maandishi mengi kuhusu maendeleo ya Tanzania, Mkoa wa Rukwa hutajwa kwa sifa mbili zinazoelekea kupingana. Sifa ya kwanza ni ya ghala la chakula. Pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, Rukwa ilihesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi ya Nyanda za Juu Kusini. Sifa ya pili ni ya pembezoni. Sumbawanga iko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Tunduma. Reli haijawahi kuifikia, na kwa miaka mingi umeme wake ulitoka Zambia. Sifa hii ya pili kwa kawaida huelezwa kuwa ni jambo la jiografia, yaani Ufipa ni mbali kwa sababu Mungu aliiweka mbali.

Makala haya yanajadili kwamba maelezo hayo hayatoshi. Kilomita ni za jiografia, lakini uzito wa kilomita hizo katika maisha ya mkulima umekuwa ukipangwa na utawala. Yamechangia maamuzi kuhusu mahali pa kuweka makao makuu, reli iishie wapi, bei ya gunia iwe ipi, na mpaka ufungwe au ufunguliwe lini. Ili kuthibitisha hoja hii, makala yanafuatilia historia ya utawala wa Ufipa tangu falme za Nkansi na Lyangalile hadi kugawanywa kwa Mkoa wa Rukwa mwaka 2012.

2.0 Ufipa kabla ya Ukoloni

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Kwa mujibu wa masimulizi ya Wafipa, ambayo Roy Willis aliyachambua kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1981, kitovu cha kale cha nchi hiyo kilikuwa Milansi. Baadaye ukoo wa Watwa ulitwaa mamlaka ya kisiasa, huku mtawala wa Milansi akibaki na heshima ya kimila. Katika karne ya 19 nchi ilikuwa na dola mbili za Kitwa: Nkansi upande wa kaskazini na Lyangalile upande wa kusini.

Mambo mawili ya kipindi hicho yana umuhimu kwa mjadala huu. La kwanza ni kazi. Wafipa walilima kwa matuta ya mviringo yaitwayo ntumba: majani hufukiwa chini ya udongo kuelekea mwisho wa masika, yakaoza, na msimu unaofuata tuta husambazwa na kupandwa ulezi. Ni kilimo kinachodai nguvu nyingi, lakini kinarutubisha ardhi bila kutegemea msitu wa kufyeka na kuchoma. Aidha, walifua chuma kwa matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yenye kimo cha takriban mita tatu, yaliyovuta hewa yenyewe bila kutumia mivukuto. Katika bonde la Rukwa walifuma vitambaa vya pamba.

La pili ni njia. Misafara ya Waswahili na Wanyamwezi iliyokwenda kusini-magharibi, kuelekea nchi ya Kazembe na Katanga, ilipita Ufipa. Wasafiri wa Ulaya waliofika miaka ya 1870 na 1880, miongoni mwao Joseph Thomson aliyepita mwaka 1880, waliikuta nchi yenye vijiji vikubwa, mashamba na utulivu. Kwa ramani ya biashara ya wakati huo, Ufipa ilikuwa njia panda. Hivyo basi, nchi hii ilifanywa kuwa pembezoni baadaye, katika kipindi kinachoweza kutajwa kwa miaka.

3.0 Makao Makuu Yanayohama

Wageni wa kwanza kuweka makao ya kudumu katika eneo hili waliitazama nchi kutoka ziwani. Mapadre Weupe walikabidhiwa kituo cha Karema mwaka 1885, kisha misheni zao zikaenea pwani ya ziwa na uwandani. Kama Kathleen Smythe anavyoonesha katika utafiti wake kuhusu familia za Wafipa wa Nkansi, misheni hizo zilishika shughuli ambazo serikali ya kikoloni ilizifanya kidogo sana, hasa elimu. Wajerumani nao waliweka makao yao ya wilaya Kasanga, wakapaita Bismarckburg. Kwa utawala uliosafiri kwa mashua na meli, ziwa lilikuwa barabara kuu, na uwanda ulikuwa nyuma ya bandari.

Bismarckburg iliangukia mikononi mwa Waingereza Juni 1916. Chini yao makao ya wilaya yalipanda uwandani, kwanza Namanyere na hatimaye Sumbawanga. Uhamisho huo uliwasogeza watawala karibu na watu waliolipa kodi, lakini uliwatoa kwenye njia pekee ya usafirishaji iliyokuwa ikifanya kazi. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na meli Liemba, iliyorudishwa majini mwaka 1927, ilishuka hadi Kasanga na Mpulungu. Mzigo wa uwandani ulipaswa kwanza kuteremshwa ziwani kabla ya kuanza safari ya kwenda Kigoma, na kutoka huko kwenda pwani ya bahari. Wilaya iliwekwa chini ya Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba umbali ulikuwa uamuzi ni tawi la reli la Kaliua hadi Mpanda. Reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na ilipofika mgodini ikasimama. Sumbawanga iliachwa upande wa kusini. Vilima na mito havikuwa kizuizi kisichoshindika. Kilichoamua ni hesabu ya nani alikuwa na mzigo unaostahili reli. Kwa hesabu hiyo, mzigo wa Ufipa ulikuwa watu. Vijana walikwenda kutafuta fedha za kodi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na migodi ya Ukanda wa Shaba wa Rhodesia ya Kaskazini. Nchi iliyokuwa ikifua majembe yake yenyewe ikawa nchi ya kutoa vibarua.

Utawala kwa kupitia machifu, uliowekewa msingi wa kisheria mwaka 1926, uliwatambua watawala wa Nkansi na Lyangalile kuwa mamlaka za wenyeji. Hata hivyo, mamlaka hayo yalihusu kodi, mahakama ndogo na amri za kilimo. Hayakuhusu reli wala soko. Hata vita dhidi ya nzige wekundu, ambao mazalio yao makuu yalikuwa katika bonde la Rukwa, viliongozwa tangu mwaka 1949 na shirika la kimataifa lililokuwa na makao Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo ya mpaka. Kwa shughuli hiyo, ofisi ya nchi jirani ilikuwa karibu na Ufipa kuliko mji mkuu wake.

4.0 Madaraka Mikoani, Vijiji na Bei Moja

Baada ya uhuru, nguvu za kisheria za machifu zilifutwa mwaka 1963, na Sumbawanga ikawa sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja muongo uliofuata. Mwaka 1972 mpango wa Madaraka Mikoani ulizivunja halmashauri za wilaya na kuwaweka wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa kutoka juu. Mwaka 1974 Mkoa wa Rukwa ukaundwa kwa kuunganisha Sumbawanga na Mpanda, iliyotolewa Tabora. Kwa mara ya kwanza Sumbawanga ikawa makao makuu ya mkoa. Hapa pana kinaya kinachopaswa kutazamwa kwa makini: ofisi ilisogea karibu na mwananchi wakati uleule baraza alilolichagua lilipoondolewa.

Oparesheni Vijiji nayo iliwakuta watu ambao wengi wao tayari waliishi katika vijiji vilivyosongamana. Hoja ya kuwakusanya watu waliotawanyika, iliyokuwa na mantiki kwingineko, ilikuwa dhaifu Ufipa. Aidha, kilimo cha ntumba kinahitaji shamba lenye majani lililo karibu na nyumba. Kadiri kijiji kinavyokuwa kikubwa, ndivyo mashamba yenye majani yanavyosogea mbali. Mantiki ya kiutawala ya kukipanga kijiji ili kifikiwe na gari la serikali iligongana na mantiki ya kilimo ya kukipanga ili mkulima afike shambani.

Pamoja na hayo, ni katika kipindi hicho ndipo Rukwa ilipopata jina la ghala la Taifa. Sababu kuu ilikuwa sera ya bei moja kwa nchi nzima, iliyoanza kutumika katikati ya miaka ya 1970. Shirika la Usagishaji la Taifa lilinunua gunia la mahindi Sumbawanga kwa bei ileile iliyolipwa karibu na Dar es Salaam. Mbolea nayo iliuzwa kwa ruzuku, na jembe la kukokotwa na ng'ombe likaenea. Kwa maneno mengine, serikali iliufuta umbali kwa kalamu. Mahindi yakachukua nafasi ya ulezi katika mashamba mengi, na nguvu kazi iliyozoea ntumba ikaelekezwa katika zao la kuuza.

Wachumi wengi wameilaumu sera hiyo kwa gharama zake, na lawama hiyo ina ukweli. Shirika lilizama katika madeni, malori yalikuwa machache, na maghala hayakutosha mavuno ya mikoa ya kusini. Hata hivyo, kwa mwanahistoria swali halikomi kwenye ukubwa wa gharama. Linaendelea hadi kwa aliyeibeba. Chini ya bei moja, gharama ya kilomita 1,100 ilibebwa na Taifa. Kabla ya hapo, na baada ya hapo, ilibebwa na mkulima.

5.0 Kurudi kwa Umbali

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ya nafaka ililegezwa hatua kwa hatua, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea ikaondolewa. Hakuna kilomita hata moja iliyoongezeka kati ya Sumbawanga na Dar es Salaam, lakini Sumbawanga ilirudi kuwa mbali. Mfanyabiashara binafsi alikata nauli ya lori kutoka katika bei ya gunia, na mfuko wa mbolea ukapanda bei kwa nauli hiyohiyo. Mkulima alilipia barabara mara mbili, wakati wa kununua na wakati wa kuuza.

Halmashauri zilizorejeshwa kwa sheria za mwaka 1982 zilikuwa na mamlaka ya kutoza ushuru wa mazao, lakini hazikuwa na mamlaka juu ya bei wala mpaka. Mpango wa maendeleo vijijini uliofadhiliwa na Norwe katika miaka ya 1980 na 1990 ulisaidia huduma na miundombinu, lakini nao haukuweza kujibu swali la soko.

Mpaka ndio ulioonesha ukweli huu waziwazi. Kwa mahindi ya Ufipa, masoko ya Zambia na ya Kongo, kwa kupitia bandari ya Kasanga, ni ya karibu kuliko Dar es Salaam. Kila serikali inapozuia kuuza mahindi nje, kama ilivyofanya mwaka 2017, soko la karibu hufungwa na kubaki la mbali. Zuio hutetewa kwa hoja ya usalama wa chakula wa Taifa, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini pasipo bei ya fidia, mkulima wa Nkansi au Kalambo ndiye anayeulipia usalama huo.

6.0 Mipaka Mipya na Lami

Jibu la utawala katika miongo ya karibuni limekuwa kugawa maeneo. Wilaya ya Nkansi, yenye makao Namanyere, ilimegwa kutoka Sumbawanga; mwaka 2012 ikaundwa Wilaya ya Kalambo yenye makao Matai, na mwaka huohuo Mpanda ikatoka Rukwa na kuwa msingi wa Mkoa wa Katavi. Majina ya kale yamerudi katika mihuri ya ofisi, na safari ya mwananchi kwenda kwa mkuu wa wilaya imefupika. Safari ya gunia lake haikufupishwa na mipaka hiyo. Iliyoifupisha ni barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye kilomita zipatazo 220, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani chini ya mkataba wa mwaka 2008. Kukamilika kwake kulibadilisha hesabu za wasafirishaji kuliko ugawaji wowote wa wilaya.

7.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonesha kwamba upembezoni wa Ufipa umetengenezwa, ukapunguzwa na kutengenezwa tena. Reli iliyosimama Mpanda iliuongeza; bei moja ya miaka ya 1970 iliufuta kwa gharama ya Taifa; kulegezwa kwa biashara kuliurudisha; lami iliupunguza. Katika vipindi vyote hivyo Mfipa aliendelea kulima, kwa ntumba au kwa plau, na bidii yake haikuwa ndiyo iliyopungukiwa. Kwa hiyo, tafiti zinazopima maendeleo ya wilaya za namna hii kwa idadi ya ofisi na mipaka peke yake zinapima kitu kisicho kiini. Kipimo kinachofaa ni kuuliza, katika kila sera, ni nani anayelipa nauli ya gunia kutoka shambani hadi sokoni. Katika Ufipa, jibu la swali hilo limebadilika mara kadhaa ndani ya karne moja, na kila lilipobadilika, uamuzi ulitolewa nje ya Ufipa.